Brief COPE, CISS au daftari la kila siku: upime vipi mgonjwa wa sonona au bipola anavyokabiliana na msongo?

Swali hili huletwa na watu wa aina tatu: mwanafunzi wa Makerere au Mbarara anayetafuta dodoso la utafiti wake, mshauri nasaha wa kituo cha afya, na ndugu wa mgonjwa aliyechoka kuambiwa "tutaona". Wote huuliza kwa maneno yaleyale: nitumie kipimo gani?

Jibu langu silifichi mpaka mwisho. Kwa sehemu nyingi za Uganda ambako mazungumzo na mgonjwa yanakwenda kwa Kiswahili, yaani Wakongomani wa Nakivale na Kyangwali, kambi za polisi na jeshi, Arua, mipakani Busia na Malaba, chukua Brief COPE, dodoso fupi la namna mtu anavyokabiliana na msongo. Isome kwa sauti, usijumlishe alama zake, iweke kando ya PHQ-9, dodoso la maswali tisa la dalili za sonona, na uirudie mgonjwa akishapata nafuu. Kwa mwenye bipola, yaani ugonjwa wa moyo kupanda mno na kushuka mno, daftari la kila siku litangulie na dodoso lifuate. CISS na Ways of Coping, madodoso mengine mawili ya kukabiliana, si vipimo vibaya hata kidogo, ila vina mahali pake, na mahali hapo ni nadra kuwa chumba cha ushauri chenye foleni ya watu benchini nje.

Kwanza tukubaliane tunapima nini, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu akikaa mbele yako akasema "nina mawazo mengi", ndani ya kauli hiyo mna mambo manne. Kuna jambo lililompata: mshahara umechelewa, mume hajulikani aliko tangu Kivu, mtoto amefukuzwa shule kwa karo. Kuna uzito anaouona yeye katika jambo hilo. Kuna anachofanya kulikabili. Halafu kuna hali anayobaki nayo: usingizi umekatika, chakula hakipiti, kazi imemshinda. Richard Lazarus na Susan Folkman, ambao kitabu chao cha mwaka 1984 kimeathiri madodoso mengi ya fani hii, waliliweka lile la tatu kuwa juhudi za fikra na vitendo, zinazobadilika kila mara, za kumudu mambo ambayo mtu anayaona yanamzidi uwezo. Zingatieni hayo ya "kubadilika kila mara", tutayahitaji.

PSS, dodoso la msongo jinsi mtu anavyouona, hupima lile la pili. PHQ-9 hupima la nne. Ni Brief COPE, Ways of Coping na CISS ndizo zinazolenga la tatu. Nimesoma ripoti za miradi zinazojisifu kwamba "uwezo wa walengwa kukabiliana na msongo umepanda", ukifungua kurasa za nyuma unakuta kilichopimwa ni PHQ-9 peke yake. Hiyo inakuambia watu wamepata nafuu. Haikuambii walifanya nini hadi wakaipata, na mfadhili akiuliza mradi ulifundisha nini hasa, huna la kumjibu.

Viwekwe ubavu kwa ubavu:

| Kipimo | Urefu | Kinauliza nini | Kipindi | Ruhusa |
|---|---|---|---|---|
| Brief COPE (1997) | kauli 28 | mtu anafanya nini, katika njia 14 | unachagua: tukio hili, au kawaida yake | bure |
| Ways of Coping (1988) | kauli 66, zinazohesabiwa 50 | alifanya nini katika tukio moja | wiki iliyopita | hulipiwa |
| CISS (1990) | kauli 48. Toleo fupi 21 | mazoea yake: kushughulikia tatizo, kuzama katika hisia, kukwepa | kwa jumla | hulipiwa |
| PSS-10 | maswali 10 | anauona msongo kuwa mkubwa kiasi gani | mwezi uliopita | bure kwa elimu na utafiti |
| Daftari la kila siku | mstari mmoja | hali ya moyo, usingizi, dawa, tukio, alichofanya | siku hiyohiyo | daftari na kalamu |

Brief COPE

Charles Carver aliitoa mwaka 1997 baada ya kuona dodoso lake kubwa la kauli 60, alilolitunga na Michael Scheier na Jagdish Weintraub mwaka 1989, linawachosha watu. Aliijaribu kwa wakazi wa Florida waliokuwa wakijikwamua baada ya kimbunga Andrew. Kwa hiyo ilipimwa kwa watu walioharibikiwa kweli, si kwa wanafunzi waliotafutiwa cha kufanya darasani, na mimi hilo linanipa imani nayo.

Ina njia 14, kila moja kauli mbili: kuchukua hatua, kupanga, kulitazama jambo kwa upande wake mzuri, kukubali, utani, dini, kutafuta faraja ya watu, kutafuta msaada wa vitendo, kujishughulisha na mengine ili usiwaze, kukana, kutoa ya moyoni, kilevi, kukata tamaa na kujilaumu. Jibu ni moja kati ya manne, kuanzia "sijafanya kabisa" hadi "nimefanya sana". Carver aliruhusu uchague njia unazozihitaji tu na uache nyingine, na aliruhusu uulize kwa tukio fulani au kwa kawaida ya mtu. Kwa kituo kisicho na bajeti ya kununua haki za dodoso, hapo nusu ya mjadala imekwisha.

Kosa linalofanywa zaidi ni kuijumlisha. Unachukua alama ya kunywa ili usahau, unaiongeza kwenye alama ya kupanga, unapata 61 au 74, unaandika "wastani". Namba hiyo haina maana yoyote. Carver mwenyewe alisema dodoso lake halina alama ya jumla. Kosa la pili, ambalo linaonekana la kisomi zaidi, ni kuzigawa njia 14 katika mafungu mawili, "nzuri" na "mbaya", halafu kujumlisha kila fungu. Mwenye kusubiri faili lake la kuhamishiwa nchi ya tatu hana la kupanga. Faili liko mikononi mwa watu asiowajua, na akiendelea kupanga na kupangua usiku kucha anajimaliza. Kwake kukubali ni kazi kubwa na ya afya. Mwanamke anayepigwa nyumbani akiandika kwamba amekubali, hapo usishangilie. Alama ni ileile, na habari ni mbili tofauti. Soma njia mojamoja, kisha uliza: katika jambo gani?

Kwa hiyo mimi naitumia kwa tukio. Kabla ya kauli ya kwanza, mgonjwa ataje jambo moja linalomsumbua wiki hizi, niliandike juu ya ukurasa kwa maneno yake mwenyewe. Majibu yote 28 yanarejea hapo.

Kusoma kwa sauti kuna mambo yake. Mgonjwa wa sonona anachoka upesi, na kauli 28 zikisomwa polepole huchukua dakika ishirini hivi, pengine zaidi. Ngazi nne za majibu humchanganya asiyezoea mitihani ya kuchagua. Chora vikombe vinne kwenye karatasi: kitupu, chenye chai kidogo, cha nusu, kilichojaa. Mwambie aguse kwa kidole. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Mama, katika hili jambo la mtoto, umekuwa ukiomba au kufanya ibada?"

Kidole kinakwenda moja kwa moja kwenye kikombe kilichojaa. "Mi naomba tu. Nitafanya nini ingine?"

Na hapo hapo dodoso limekwama. Katika Uganda, uwe kanisani, msikitini au kwenye maombi ya usiku ya walokole, karibu kila mtu atagusa kikombe kilichojaa kwenye dini. Kauli ambayo kila mtu anaijibu sawa haimtofautishi mtu na mwenzake. Tena jibu la mama huyu limebeba mawili: maombi kama nguvu, au maombi kama mahali pa mwisho baada ya milango yote kufungwa. Kenneth Pargament alitunga dodoso fupi la dini peke yake, Brief RCOPE, lenye kauli 14: saba za kuegemea kwa Mungu kwa matumaini, saba za mgogoro naye, kama vile kujiona umeachwa au unaadhibiwa. Ukifanya kazi na waumini, na hapa kwetu ni nani asiyekuwa nao, ongeza zile saba za mgogoro. Mgonjwa anayesema Mungu anamwadhibu anakupa habari ambayo kauli mbili za Carver haziwezi kukupa. Ila nawe uwe mwangalifu: kujiona mwenye dhambi isiyosameheka inaweza kuwa ndiyo sonona yenyewe inayosema, si namna ya kukabiliana na chochote.

Kilevi nacho kina shida ya upande wa pili: karibu kila mtu hugusa kikombe kitupu. Afande wa kambi ya polisi hatakwambia kwamba waragi ndiyo inayomlaza, tena ukiwa umeketi na fomu yenye nembo ya ofisi. Muislamu hatasema mbele ya mkalimani anayeswali naye. Kama kilevi ni jambo la maana kwa kazi yako, kiulize siku nyingine kwa AUDIT, dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani, mkiwa wawili tu.

CISS, na tatizo la kupima ugonjwa mara mbili

Norman Endler na James Parker waliitoa mwaka 1990. Kwa upande wa takwimu imekaa vizuri kuliko Brief COPE: kila njia ina kauli 16, si mbili, kwa hiyo alama haiyumbi kwa sababu mgonjwa alisikia kauli moja vibaya. Mwanafunzi mwenye wagonjwa wengi na mtaalamu wa takwimu kando yake ataifurahia.

Tatizo lake ni kubwa hasa kwa wagonjwa wetu. Njia ya pili, ya kuzama katika hisia, imejaa kauli za kujilaumu, kuwa na wasiwasi na kukasirika. Sasa chukua mtu mwenye sonona. Kujilaumu ni dalili ya sonona. PHQ-9 inaiuliza katika swali lake la sita. Ukimpa CISS atapata alama ya juu kwenye hisia, ukimpa PHQ-9 atapata alama ya juu huko, kisha utaandika kwamba "kuzama katika hisia kunahusiana na sonona". Umepima kitu kimoja kwa rula mbili na ukashangaa kwamba urefu unafanana. Wanasaikolojia, Annette Stanton na wenzake wakiwa mstari wa mbele, wamelalamikia jambo hili tangu miaka ya 1990, wakaonyesha kwamba ukiziondoa kauli zenye maumivu ndani yake na kuacha zile za kuielewa na kuieleza hisia, picha inageuka: kushughulika na hisia kunaweza kumsaidia mtu.

Brief COPE haijasalimika. Kukata tamaa na kujilaumu ni njia mbili kati ya zile 14, na zote mbili zimeshikana na dalili. Tofauti ni kwamba katika Brief COPE unaweza kuziweka pembeni na kusoma 12 zilizobaki. Katika CISS ukiiondoa njia ya hisia umeondoa theluthi ya kipimo.

Dawa ya tatizo hili si kutafuta dodoso lililo safi, kwa maana sijaliona. Dawa ni kupima mara mbili. Pima mgonjwa akiwa chini, kisha pima akishapata nafuu, kwa jambo lilelile au linalofanana nalo. Kilichoshuka pamoja na PHQ-9 huenda kilikuwa ugonjwa. Kilichobaki pale pale ndicho mazoea ya mtu, na hicho ndicho cha kufanyia kazi katika ushauri. Lazarus na Folkman walishasema kwamba juhudi hizi hubadilika. Kumpima mtu siku moja ukamwandikia "huyu ni mkwepaji" ni kumfunga kwenye siku yake mbaya.

Ways of Coping

Hii ndiyo mama wa fani, ya Folkman na Lazarus wenyewe, na uzuri wake ni kwamba tangu mwanzo inamtaka mtu achague tukio moja la wiki iliyopita na alieleze. Kauli 66 hizo zikisomwa kwa Kiswahili kwa mgonjwa aliyelala kwa muda wa saa mbili tu usiku uliopita ni adhabu. Mimi nachukua wazo lake la tukio, naliingiza kwenye Brief COPE kama nilivyoeleza, na dodoso lenyewe nawaachia watafiti wa mahojiano marefu walio na fedha za kulipia ruhusa.

PSS

Sheldon Cohen na wenzake waliianza na maswali 14 mwaka 1983; toleo la 10 ndilo linalotumika zaidi, alama 0 hadi 40. Ni nzuri, fupi, na haipimi kukabiliana. Inapima uzito. Jambo la kujihadhari: maswali manne kati ya 10 yamegeuzwa, yanauliza mara ngapi ulihisi mambo yanakwenda vizuri, na alama zake huhesabiwa kinyume. Msomaji akikaza sauti ileile tangu swali la kwanza, mgonjwa anaendelea kujibu kana kwamba bado anaulizwa mabaya. Nyanyua kichwa, tulia, kisha uliza.

Daftari, hasa kwa bipola

Madodoso yote niliyoyataja yana upofu mmoja: yanadhani shida ni kuanguka. Mwenye bipola huugua pia kwa kupanda. Wiki anayolala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, anafungua biashara mbili, anagawa fedha za mahari ya dada yake na anamwambia kila mtu hajawahi kujisikia vizuri hivi, mpe Brief COPE uone: kuchukua hatua, kikombe kilichojaa, kupanga, kilichojaa, kutazama upande mzuri, kilichojaa, utani, kimemwagika. Kwa karatasi hiyo ndiye mtu anayekabiliana vizuri kuliko wote wilayani. Ndiyo maana usimpime mtu akiwa amepanda, na ndiyo maana dodoso pekee halimtoshi.

Daftari la hali ya moyo ni jambo la zamani katika tiba ya akili. Robert Post na Gabriele Leverich, wakiwa kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, walilipa mpangilio wa chati ambayo mgonjwa hujaza kila siku: juu ya mstari akipanda, chini akishuka, na pembeni dawa na matukio. Huhitaji fomu yao. Daftari la mazoezi la mtoto wa shule linatosha, ukurasa mmoja kwa wiki mbili, safu sita: tarehe, moyo, kutoka -3 hadi +3, saa za usingizi, dawa amekunywa au la, lililotokea, alichofanya. Safu ya mwisho ndiyo kipimo chetu cha kukabiliana, kwa maneno yake: "nilienda kwa shangazi", "nilifunga mlango", "nililima", "nilikunywa".

Safu ya usingizi ndiyo nyeti kuliko zote, kwa kuwa kukosa usingizi kunaweza kumpandisha mwenye bipola. Maisha yetu yana sababu nyingi za kukesha ambazo hakuna dodoso la Florida litakaloziuliza: matanga, zamu ya usiku ya askari, mkesha wa maombi, Ramadhani ambapo mtu analala baada ya tarawehe na kuamshwa kwa daku. Baada ya miezi miwili mitatu, ukirudisha macho kwenye kurasa, unaanza kuona mpangilio: kila baada ya usiku mbili za kukesha, moyo unaruka hadi +2. Sasa mnaweza kuzungumza na familia ahudhurie mazishi na alale nyumbani. Safu ya dawa nayo itaonyesha siku ambazo kituo kiliishiwa, na hapo utaacha kumlaumu mgonjwa kwa lililo la ghala.

Faida nyingine ni kumbukumbu. Arthur Stone na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba anachosema mtu baadaye kuhusu alivyolikabili jambo hakilingani vizuri na alichosema lilipokuwa likitokea. Na mwenye sonona humjia zaidi yale mabaya. Ukimuuliza mwezi wake ulikuwaje atakupa wiki yake moja mbaya. Watafiti wa nchi tajiri hutatua hili kwa simu inayolia mara kadhaa kwa siku na kuuliza swali. Kwetu simu ni ya watu watatu na inachajiwa dukani kwa kulipia, kwa hiyo daftari linashinda.

Udhaifu wake? Watu huacha. Wengine hujaza wiki nzima wakiwa kwenye boda kuelekea kliniki, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, utaijua. Na asiyeandika anahitaji mtu: mke, mtoto wa darasa la sita, mhudumu wa afya wa kijiji (VHT). Akiwepo mtu wa pili, moyo wa kuandika "nilikunywa" unapungua. Kwa wasiosoma, maharage kwenye kopo yamewahi kufanya kazi nzuri, rangi moja kwa siku njema na nyingine kwa siku mbaya, ila safu ya "alichofanya" hapo unaipoteza.

Uganda ilishatufundisha nini

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Paul Bolton na wenzake juu ya tiba ya vikundi kwa sonona katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watu huutaja kwa sababu tiba ilifaulu sana. Mimi nautaja kwa sababu ya kipimo. Kando ya orodha ya dalili, walitengeneza kipimo cha utendaji kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe mwanamke au mwanamume mzima anapaswa kumudu kazi gani. Orodha ya wanawake na ya wanaume hazikufanana, na ndani yake mlikuwa na kulima chakula, kutunza watoto, kushiriki mazishi na kuwafariji waliofiwa. Nani angeyaandika hayo akiwa Florida? Unaweza kufanya vivyo hivyo asubuhi moja na kikundi cha akina mama wa Nakivale au madereva wa malori wa Malaba: mtu wa hapa akizidiwa na mawazo, anayeliweza hufanya nini? Anayeshindwa hufanya nini? Majibu yatakayorudiwa na wengi yaongezeni chini ya Brief COPE kama kauli zenu tano au sita. Msiseme ni Brief COPE tena kwenye ripoti, semeni mmeongeza.

Katika makazi ya Rhino, kaskazini magharibi, jaribio la mafunzo ya kujisaidia kwa msongo kwa wanawake 694 wa Sudan Kusini, lililochapishwa mwaka 2020, lilipima matokeo yake makuu kwa K6, dodoso la dhiki ya moyo. Ni maswali sita. Walikuwa na fedha na wataalamu wa kutosha kutumia dodoso refu, na bado kipimo kikuu kilikuwa kifupi. Anayeniambia dodoso refu ndilo la kisayansi namwonyesha mfano huu.

Vipimo vya maabara, kama kotisoli (homoni ya msongo) ya mate au lile jaribio la Trier la mwaka 1993 ambapo mtu anahutubia wapimaji wasiotabasamu na kupiga hesabu kwa sauti, vinaonyesha mwili unavyoitikia msongo. Havisemi mtu atafanya nini kesho karo ikidaiwa. Tupite.

Basi uchague

Mwanafunzi: Brief COPE kwa tukio, PHQ-9, mara mbili, wiki sita hadi nane kati yake. Kama msimamizi anasisitiza CISS, kubali, lakini changanua njia ya hisia peke yake na useme wazi kwamba inaingiliana na dalili. Kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kitafutwe mapema, kwa sababu tafsiri ya Kiswahili wataitaka pia, na tafsiri yako isomwe na Mkongomani kama unawapima Wakongomani. Kiswahili sanifu cha vitabuni kinawapita pembeni wengi wao.

Mshauri wa kituo: chagua njia saba au nane tu za Brief COPE ambazo unaweza kuzifanyia kazi. Hakuna haja ya kuuliza utani kama huna la kufanya na jibu lake.

Familia: msitumie dodoso lolote. Daftari, na mlipeleke kliniki.

Kwa wote wanaotumia PHQ-9, lipo swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Kuna wanaolikwepa wakiogopa kumtia mtu wazo kichwani, kuuliza hakumtii. Linalotisha ni kupata jibu la "ndiyo" bila kujua pa kumpeleka. Isitoshe, sheria ya adhabu ya Uganda inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na askari anayeulizwa ndani ya kambi yake analijua hilo vizuri kuliko wewe. Muulizeni mahali pengine, mlango umefungwa, na fomu isiwe na jina bali namba, kama Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inavyowataka mlinde taarifa za mtu. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kuketi, andikeni juu ya rundo la fomu namba ya simu ya afisa tabibu wa akili aliye karibu, hospitali ya rufaa ya mkoa inayopokea siku hiyo, na nani atalipa nauli.